Talaka ya Mwinyi Chande

Alhamisi ile, jua likiwa bado linaupiga ukuta wa uani, Sabaha alimsikia marehemu mumewe akikohoa dukani kwa Sheikhan, ng'ambo ya barabara.

Alikuwa amekaa juu ya mkeka chumbani kwake, Mtaa wa Ndanda, kavaa nguo nyeupe za eda, mgongo kauegemeza kitandani. Shaibu walikuwa wamemzika wiki iliyotangulia. Sasa Shaibu huyo huyo anasafisha koo, kisha anaita kwa ile sauti yake nzito ya kuburuza maneno: "Rukia! Uko wapi, Rukia?" Sabaha akaukamata mguu wa kitanda. Ilimchukua muda kukumbuka kwamba leo ni Alhamisi, na kwamba redio ilikuwa inaurudia mchezo wa zamani wa *Ukoo wa Mwinyi Chande*, kwa maombi ya wasikilizaji. Moyo ukarudi mahali pake, na nyuma ya moyo ikaja hasira.

Hasira hiyo haikuwa ngeni. Tangu Shaibu aanguke sokoni na kuletwa nyumbani juu ya mkokoteni, hasira ndiyo iliyokuwa ikimlaza na kumwamsha. Alikuwa hajalia. Wanawake waliokuja msibani walimchungulia usoni kutafuta machozi, wakamkuta mkavu, wakaenda kunong'ona uani. Waache wanong'one. Sabaha alikuwa na miaka hamsini kasoro, mzaliwa wa Kariakoo, wazazi wake watu wa Mtama, na hajawahi kulia kwa kuombwa isipokuwa studio, ambako alilia vizuri sana na akalipwa.

Bara hakukuwa na televisheni enzi hizo. Kulikuwa na redio, na redio ilikuwa na *Ukoo wa Mwinyi Chande*, mchezo uliosomwa kwa mara ya kwanza mwaka wa sabini na moja, kila Alhamisi jioni. Saa hiyo usingepata mtu wa kukupimia hata kibaba cha mchele Kariakoo nzima. Ulikuwa ni mchezo wa mambo ya kale, habari za familia moja ya Kilwa wakati wa Mdachi: Mwinyi Chande mwenye shamba la minazi, mkewe Rukia, watoto wao wasiopatana, na kijana wao wa mwisho anayetoroka kwenda kujiunga na watu wa Majimaji. Shaibu, ambaye mchana aliuza viungo kizimbani kwake sokoni, jioni alikuwa Mwinyi Chande. Sabaha, ambaye mchana alikuwa mke wa Shaibu, jioni alikuwa mke wa Mwinyi Chande. Mtayarishaji aliwapata kwenye kikundi cha maigizo pale ukumbi wa Arnautoglo, akasema hawa wamekwisha zoea kugombana, hawahitaji mazoezi mengi.

Sehemu iliyowamaliza watu ni ya talaka. Mdachi amegundua kuwa Rukia alimficha mwanawe ndani ya pipa la nazi kavu. Anataka shamba. Mwinyi Chande, kuliokoa shamba, anamwita mkewe barazani mbele ya wazee na kumwacha kwa talaka tatu. Siku iliyofuata mtaa uliingia wazimu. Bibi mmoja wa Mchikichini alifika kizimbani kwa Shaibu, akamrudishia pilipili manga aliyoinunua juzi yake, akasema hawezi kupikia mumewe kitu kilichotoka mkono ule. Zeina, mke wa Sheikhan mwenye duka, alivuka barabara na sahani ya visheti kumpa Sabaha pole, akamkuta Sabaha anamkanda Shaibu mgongo kwa mafuta ya nazi, wakacheka wote watatu mpaka visheti vikapoa.

Ikawa ndiyo sifa ya Shaibu maisha yake yote. Kila alipopita, kuanzia Jangwani mpaka Posta, watu walimwita Mwinyi Chande na kumwomba: "Mzee, hebu tupe ile!" Shaibu aliwapa maneno mengine ya mchezoni, ya shamba, ya watoto, ya minazi. Ile hakuwapa hata siku moja. Wakasema ana maringo.

Hayakuwa maringo. Ile haikuwa yake.

Siku ya kurekodi, wachezaji wote wameizunguka maikrofoni moja, karatasi mkononi, Shaibu alifika kwenye maneno yale akanyamaza. Mtayarishaji akagonga kioo. Shaibu akaiweka karatasi juu ya stuli.

"Hili silisomi."

"Hulisomi kwa nini?"

"Talaka haina mzaha. Nikilitamka hili mbele ya mke wangu, nitarudi nyumbani na nani?"

"Bwana Shaibu, huu ni mchezo!"

"Mchezo ni wenu. Mke ni wangu."

Walibishana mpaka fundi mitambo akaenda zake kunywa chai. Mwisho aliyewaokoa ni Filbert, kijana wa Masasi, Mkristo, karani wa bandarini, aliyesoma nafasi ya askari wa Mdachi mwenye maneno machache. Filbert alikuwa na ugonjwa wa kuiga watu. Alimwiga mtayarishaji, aliwaiga mawaziri, alimwiga Shaibu mpaka Sabaha mwenyewe akageuka kuitika. Akasogea kwenye maikrofoni, akayasema maneno yale kwa sauti ya Shaibu, mara moja tu, yakawa yamekwisha. Shaibu alikuwa ametoka nje. Sabaha alimwona kwenye kioo cha mlango, mwanamume mzima mwenye kitambi, kasimama ukumbini na vidole masikioni. Alimpenda siku ile kuliko siku ya harusi.

Mtayarishaji aliwaomba wasimwambie mtu, maana watu wakijua mchezo umekufa. Wakanyamaza. Shaibu akafa na siri yake. Na sasa, Alhamisi hii ya mwaka wa themanini na tatu, maneno yale yalitoka tena kwenye redio ya Sheikhan, yakavuka barabara, yakapita juu ya vichwa vya wanaume waliokaa barazani pa nyumba ya msiba. Sabaha aliyasikia akatikisa kichwa. Filbert wee, akasema moyoni, uliwapata kweli.

Nje kwenye mkeka wa wanaume alikuwamo Bakili.

Bakili alikuwa kaka mkubwa wa Shaibu, tumbo moja, mkulima wa korosho kutoka Tunduru. Alikuja kwa mazishi, na mazishi yalipokwisha hakuonyesha dalili ya kuondoka. Mtu wa swala tano, tasbihi haimtoki mkononi. Kama angekuwa mwizi tu ingekuwa nafuu, maana mwizi anajua kuwa anaiba. Bakili alikuwa mtu anayeweza kukitamani kitu na wakati huo huo akaamini kuwa dini ndiyo inayomtuma akichukue.

Ijumaa, baada ya swala, alikuja akasimama ukumbini nje ya pazia la chumba.

"Sabaha."

"Labeka, shemeji."

"Hiyo eda unamkalia nani?"

Sabaha akaliweka chini bakuli la uji. "Namkalia mdogo wako."

"Mdogo wangu alikuacha zamani. Nilisikia mwenyewe nikiwa Tunduru, nikasema labda mwanamke ameshaondoka. Kumbe upo. Jana nimesikia tena. Talaka tatu, mbele ya mashahidi, nchi nzima imesikia."

"Ule ni mchezo, shemeji."

"Talaka haina mchezo. Muulize mwanachuoni yeyote. Mzaha wake ni kweli na kweli yake ni kweli."

"Najua. Shaibu naye alijua, ndiyo maana hakusema. Aliyesema ni Filbert."

Bakili akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Filbert! Mimi nisiijue sauti ya ndugu yangu? Niliyembeba mgongoni?"

Akaondoka. Sabaha alikuwa amelielewa neno hili mpaka mwisho wake. Kama aliachwa, basi eda hii ni maigizo. Basi hana fungu katika nyumba hii, nyumba ambayo kuta zake alizikandika kwa viganja vyake, yeye na Shaibu, wakati Mtaa wa Ndanda bado ni mchanga mtupu. Lakini hilo bado dogo. Kama aliachwa, basi miaka yote ile alilala na mwanamume asiye mumewe. Huyu mtu, na tasbihi yake, alikuwa amemwita yeye malaya, na amemwita Shaibu mzinifu, na Shaibu udongo wake haujakauka. Shaibu, aliyeziba masikio asilisikie neno lenyewe!

Jumamosi Bakili alileta vijana wawili wachukuzi. Walikitoa kitanda, wakalitoa kabati la vyombo, wakaviweka uani chini ya upenu, karibu na jiko la wapangaji. Alisema mali ya marehemu ni ya warithi, na isikaliwe na mtu asiye mrithi. Alitegemea Sabaha atafuata vyombo vyake, maana ndivyo wanawake wanavyofanya, alisema, wanafuata masufuria. Sabaha hakusogea. Aliubana mkeka wake katikati ya chumba kilichobaki kitupu, akasema kwa sauti iliyowafikia mpaka wapangaji wa chumba cha mwisho:

"Sitoki. Mjane hatoki eda. Nikitoka nimekubali kuwa siyo mjane."

Na watu? Watu wa Kariakoo, Mungu awasamehe, maana Sabaha hakuwa na nia hiyo. Wanawake waliokuwa wakijaa uani asubuhi na jioni walipungua ghafla. Wapangaji wakaanza kumsalimu Bakili kwa kuinama, tajiri shikamoo, tajiri umeamkaje. Balozi wa nyumba kumi alisema hilo ni jambo la dini na ukoo, chama hakiingilii. Mama mmoja ambaye Sabaha alimlelea watoto wawili alichungulia dirishani akasema, tena kwa upole, "Lakini Bi Sabaha, hata mimi nilisikia." Sabaha alimfungia dirisha usoni.

Alimwamini Zeina peke yake, na Zeina naye alikuja Jumamosi ile ile jioni, akavua viatu, akakaa juu ya mkeka, akakosa pa kuanzia.

"Shoga yangu, usikasirike. Mimi nami nilisikia."

"Ulisikia nini? Uliona?"

"Redio inaonwa?"

"Basi kama haionwi, mbona nyote mmekuwa mashahidi?" Sabaha alimpandia Zeina kama alivyotaka kumpandia Bakili, na Zeina akatulia akaoga maneno yote. "Miaka yote umekunywa chai yangu. Ulinikuta nimeachwa? Ulimwona Shaibu anaishi na mimi kwa hila? Sema!"

"Sijasema hivyo."

"Na hao wasemao hivyo umewajibu nini?"

Zeina hakuwa amewajibu kitu. Akainamisha uso. Halafu, kwa sauti ya mtu anayetafuta kazi ya kufanya ili aibu impungue, akauliza: "Huyo Filbert yuko wapi sasa?"

Alikuwa bado bandarini, karani wa kuhesabu shehena. Alikuja kuzika, akasimama nyuma ya watu na kofia mkononi, kisha akarudi kwenye zamu. Sabaha asingeweza kumfuata, eda imemfunga. Jumapili asubuhi Zeina alivaa buibui lake, akaenda kwa miguu mpaka lango la bandari, akasimama kati ya malori na wachukuzi waliomtazama Mwarabu huyu wa kike anatafuta nini, mpaka Filbert akatoka. Zeina alirudi adhuhuri, jasho linamtiririka.

"Anakuja. Lakini shoga, yule mtu hana meno."

"Hana meno?"

"Ya mbele. Kamba ya winchi ilikatika ikamchapa. Anaongea kwa kupuliza. Nimemwambia asome yale maneno, nimeona haya kumwambia yalivyotoka."

Sabaha aliinua macho yake juu ya dari, kwa Mungu, na alichokisema moyoni si cha kuandikwa.

Baraza la ukoo liliitwa baada ya alasiri. Aliyeliongoza ni Sheikh Awadhi, imamu wa msikiti wa jirani, mtu mtaratibu aliyezoea kutatua ugomvi wa wapangaji na wa mirathi. Bakili alikuwa amemwita athibitishe, na Sheikh alikuwa ameshamwambia kuwa jambo ni zito, kwamba wanavyuoni wamehitilafiana kuhusu mtu anayesoma maneno ya mwingine, na kwamba yeye hatamki kitu kabla ya kusikiliza pande zote. Wanaume walijaa ukumbini, wengine wakamwagika mpaka barazani. Wanawake walijaa uani. Waliokuwa hawaonekani tangu Ijumaa, leo wote walikuwapo, maana hapa palikuwa na kitu cha kutazama. Sabaha alikaa nyuma ya pazia, chumba kitupu nyuma yake.

Bakili alisema yake. Alisema vizuri, kwa aya na hadithi, akamalizia kuwa hana ubaya na mwanamke huyu, ila hawezi kuiacha haramu ikae katika nyumba ya ndugu yake. Sabaha aliuma upindo wa kanga.

"Bi Sabaha," Sheikh akaliambia pazia, "wewe unasemaje?"

"Nasema niliyoyasema Ijumaa. Shaibu alikataa kutamka. Aliyetamka ni Filbert, na huyo hapo."

Shingo zikageuka. Filbert alikuwa amekaa karibu na mlango, mvi kichwani, shati la kazi bado lina vumbi la magunia. Akasimama. Akaeleza habari ya studio, karatasi juu ya stuli, Shaibu na vidole vyake masikioni. Alieleza kweli tupu, lakini kila herufi ya *s* ilitoka na upepo, na vijana barazani wakaanza kugongana viwiko.

"Basi sema hayo maneno," Bakili akasema. "Hapa hapa. Tusikie."

Filbert akasafisha koo. "Rukia binti Saidi..." Ilikuwa sauti ya mzee mwenye pengo. Akajaribu tena. Ikawa mbaya zaidi. Uani wanawake wakacheka kwa kuziba midomo. Bakili alifungua mikono kuwaonyesha watu, kana kwamba anauza bidhaa isiyohitaji maneno.

"Huyu ndiye Shaibu? Nyinyi wenyewe amueni."

"Sheikh, siwezi kuanza hewani," Filbert akasema, jasho usoni. "Sikuwahi kuyasema yenyewe peke yake. Kulikuwa na mtu ananitangulia. Nilimsikia yeye, ndipo nikajibu."

Ukumbini watu waliguna. Huko nyuma ya pazia, Sabaha alilielewa neno hilo kabla halijamalizika, kwa sababu ndivyo walivyofanya kazi wote. Karatasi haikuwa kitu. Ulisimama ukamsikiliza mwenzako, na sauti yako ikatoka mahali alipokupiga. Mwenye kumpiga Filbert siku ile alikuwa yeye. Na mwanamke wa eda hapandishi sauti mbele ya wanaume. Hilo nalo alilijua.

Akasimama. Hakulishika pazia. Alijaza kifua, na vyote vilivyokuwa ndani tangu mkokoteni ule uingie mlangoni, kitanda chini ya upenu, dirisha, tajiri shikamoo, nilisikia hata mimi, vyote vikapanda pamoja.

"Kama nimekuwa mzigo, nitue, Mwinyi!" Sauti ya Rukia ilipasua ukumbi. "Lakini nitue hapa hapa barazani, mbele ya hawa uliowaita! Nao waone uso wako! Waseme kesho kwamba walikuwapo, walikula kwangu, wakakaa kimya!"

Hayo ya mwisho hayakuwamo kwenye karatasi.

"Rukia binti Saidi," Shaibu akajibu kutoka mlangoni, mzito, akiburuza maneno, "nimekuacha. Nimekuacha kwa talaka tatu. Mashahidi ni hawa, na shamba langu libaki salama."

Bakili alikuwa ameinuka nusu, mkono mbele, kama mtu anayetaka kumsalimu nduguye aliyerudi safari. Tasbihi ilikuwa sakafuni. Nyuma ya pazia Sabaha aliegemea ukuta. Alikuwa amemsikia Shaibu anamwacha. Ndiyo, alijua ni nani. Hata hivyo alikuwa amemsikia.

Sheikh Awadhi ndiye aliyepata sauti kwanza. "Filbert, wewe una mke?"

"Ninaye, Sheikh. Winifrida. Yuko nyumbani Keko."

"Ulikusudia kumwacha?"

"Sisi kwetu hakuna kuachana, Sheikh. Hata nikitaka."

Watu wakacheka, kicheko cha kushusha pumzi. Sheikh hakucheka. "Basi talaka hii haina mwenyewe. Mume hakuitamka. Bi Sabaha ni mjane wa Shaibu, eda ni yake, na fungu lake katika mirathi lipo. Bwana Bakili, umesikia?"

Bakili aliiokota tasbihi yake. Alisogea mpaka kwenye pazia, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Shemeji. Nilidanganywa na sikio. Lakini nawe, jambo kubwa kama hili, kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia Ijumaa."

"Ulisema, lakini..."

"Nilikwambia Ijumaa, umesimama hapo hapo uliposimama. Uliniuliza, nikakujibu. Ulikuwa unangoja kuambiwa na mwanamume."

Bakili akaanza kuzihesabu shanga za tasbihi. Sheikh naye aliitazama sakafu.

"Sasa kitanda changu," Sabaha akasema. "Nisikie vizuri, shemeji. Sitaki wachukuzi. Kilitoka kwa amri yako, kirudi kwa mikono yako."

Bakili alikirudisha. Kilikuwa kitanda cha mninga, cha kamba, na yeye alikuwa mzee. Alikiburuza kutoka uani, kikakwama mlangoni, akakiinamisha, kikamgonga muundi wa mguu. Vijana wawili waliinuka kumsaidia. Sabaha aliwaambia wakae, wakakaa. Wanawake walimpisha Bakili njia. Kisha akarudia kabati la vyombo, na lenyewe akalileta peke yake, hatua kwa hatua, sahani zikilia ndani.

Jumatatu sahani nyingine zikaanza kuja. Mihogo, maharage ya nazi, na kutoka kwa yule mama aliyechungulia dirishani, sukari, nusu kilo nzima, wakati watu wanalala kwenye foleni ya duka la ushirika kwa ajili ya robo. Sabaha aliitazama sukari ile. Alikuwa na hamu ya chai tangu msiba uanze. Akaifunga tena kwenye karatasi yake, akampa Zeina.

"Mrudishie."

"Sabaha, sukari!"

"Mrudishie. Mwambie nimesema asante, na mimi nilisikia."

Bakili aliondoka Jumatano kwa basi la kusini, baada ya kukubaliana na Sheikh kuwa mirathi itagawanywa eda ikiisha. Aliaga kutoka ukumbini. Sabaha alimwitikia maneno ya dini yanayopasa, hakuongeza.

Ikaja Alhamisi. Jua lilikuwa limeupata ukuta wa uani. Sabaha alikaa kitandani kwake, akasikia ng'ambo ya barabara muziki wa kufungulia mchezo, kisha sauti ya mtangazaji, na mara redio ikakatika. Mtaa mzima ukawa kimya. Sheikhan alikuwa ameizima kwa heshima yake, au kwa aibu, na redio za jirani nazo zilikuwa zimezimwa. Watu wote walikuwa wamekubaliana kumwonea haya siku moja.

Hasira ikampanda mpaka kwenye nywele. Alijua leo ni sehemu gani. Rukia ameshaondoka, shamba limechukuliwa vilevile, na Mwinyi Chande anazunguka peke yake ndani ya nyumba. Hiyo Shaibu aliisoma mwenyewe, kila neno. Akalisukuma dirisha, kanga kichwani, mkono mmoja kwenye nondo.

"Sheikhan! Umezima nini?"

Sheikhan akatokeza mlangoni mwa duka, kaduwaa. "Bi Sabaha, tumeona..."

"Ile ya Filbert mliifungulia mpaka mwisho, mkaisikiliza na masikio yote! Hii ni ya mume wangu. Ndiyo mnayoizima? Fungua! Na uongeze!"

Sheikhan alikimbilia ndani. Redio ikakoroma, ikarudi. Nyingine ikafunguliwa nyumba ya pili, na nyingine, mpaka Shaibu akawa anatembea mtaa mzima, viatu vyake vinagonga sakafu ya nyumba ya Kilwa. Alisimama. Akasafisha koo.

"Nyumba imejaa watu, Rukia, na hamna mtu. Rukia! Uko wapi, Rukia?"

Hapo kwenye karatasi hapakuwa na jibu. Sabaha alikumbuka alivyosimama upande wa pili wa maikrofoni, amebana pumzi kama alivyoagizwa, na Shaibu anamtazama yeye, siyo karatasi, wakati ukimya ule unaendelea. Sasa ukimya ulikuwa ule ule, unavuma kidogo ndani ya redio zote. Machozi yalikuwa yamefika kidevuni bila ruhusa yake. Hakuyafuta.

"Niko hapa," alisema, akalipiga dirisha kwa kiganja. "Niko hapa, Shaibu. Walinitoa, nikakataa."